Chombo cha Kugawia Hesabu na Kufanywa Kwake Upya

Kazi kubwa ina njia mbili za kukamilishwa. Ama apatikane mtu mmoja mwenye nguvu za watu elfu, ama wapatikane watu elfu wenye nguvu za kawaida, na mmoja wa kuwagawia kazi. Njia ya kwanza huvutia macho. Ya pili ndiyo iliyotenda mengi zaidi katika historia. Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Hawakueleza nani akishike kibaba, nani akague kinachotiwa ndani yake, wala ifanyweje siku kibaba kinapopasuka na hapana budi kibadilishwe kingali kikijazwa. Jambo hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Habari ya chombo kimoja cha kugawia hesabu, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, kisha kikafanywa upya baina ya mwaka 2002 na 2005, yaonyesha ugumu huo ulivyo, na ya kuwa haukuwa ugumu wa mashine peke yake, bali wa uaminifu baina ya watu.

Ugawaji wa hesabu ni mkongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1791 Gaspard de Prony wa Ufaransa alikabidhiwa na serikali yake kazi ya kutengeneza majedwali ya logarithimu yaliyo makubwa na sahihi kupita yote yaliyopata kuonekana. Prony aliona ya kuwa maisha yake na ya rafiki zake yangekwisha kabla ya kazi kwisha. Ndipo alipokumbuka kitabu cha Adam Smith cha mwaka 1776, mahali panapoelezwa jinsi utengenezaji wa pini unavyogawanywa mikononi mwa watu wengi, kila mmoja akitenda tendo dogo. Akakata shauri kutengeneza logarithimu kama watu watengenezavyo pini. Aliwapanga wafanyakazi wake katika madaraja matatu. Daraja la kwanza lilikuwa la wanahisabati wachache waliochagua kanuni. La pili lilikuwa la watu saba au wanane walioigeuza kanuni kuwa tarakimu. La tatu lilikuwa la watu baina ya 60 na 80, ambao wengi wao hawakujua zaidi ya kujumlisha na kutoa. Kila hesabu ilifanywa mara mbili mbali mbali, kisha majibu yakalinganishwa. Charles Babbage wa Uingereza, aliyeieleza kazi hii katika kitabu chake cha mwaka 1832, alitaja jambo la ajabu: wale waliojua kujumlisha na kutoa tu ndio waliokuwa, kwa kawaida, sahihi zaidi kuliko wenye elimu kubwa kuliko wao.

Mfano wa Prony ulithibitisha ya kuwa kazi iliyogawanywa yataka mambo matatu: mgawaji anayejua kuikata vipande vilivyo sawa, mfanyaji anayeweza kukimaliza kipande chake bila ya kuijua kazi nzima, na mkaguzi asiyeridhika na jibu la mtu mmoja. Kompyuta zilipokuja hazikuyafuta mambo hayo matatu. Ziliyahamisha tu kutoka mezani mwa makarani hadi katika programu.

Katika mwaka 1988 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, walikuwa wamekwisha kuanzisha programu iliyoitwa Condor. Kazi yake ilikuwa kutafuta kompyuta za maofisini zilizokaa bure, kuzipa hesabu za kufanya, na kuziachia mara wenyewe waliporejea. Hiyo ilikuwa nyumba moja na mwenyewe mmoja. Mwaka 1996 George Woltman aliivusha fikra hiyo nje ya kuta: alianzisha shirika la watu wa kujitolea waliotafuta namba tasa za Mersenne kwa kompyuta zao wenyewe, kila mtu akipewa namba yake ya kupima kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo ulipofika mwisho wa karne ya ishirini ilikuwa dhahiri ya kuwa nguvu kubwa ya hesabu duniani haikuwa imefungiwa katika majumba ya serikali. Ilikuwa imelala katika nyumba za watu, ikingoja mtu wa kuiamsha.

Aliyepata wazo la kuiamsha kwa wingi alikuwa David Gedye, mwaka 1995. Yeye pamoja na David Anderson, Dan Werthimer na Woodruff Sullivan walikusudia kutumia kompyuta za watu wa kawaida kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia hii. Mradi wao uliitwa SETI@home, nao ulifunguliwa tarehe 17 Mei 1999 huko Berkeley. Darubini kubwa ya redio ya Arecibo, katika kisiwa cha Puerto Rico, ilipokea mawimbi kutoka angani. Mawimbi yale yaliandikwa katika kanda za sumaku, na kanda zikapelekwa Berkeley kwa posta, kwa kuwa Arecibo haikuwa na njia ya mtandao iliyoweza kuchukua mzigo mkubwa kiasi hicho. Huko Berkeley masafa yenye upana wa megahezi 2.5, karibu na megahezi 1,420, yaligawanywa sehemu 256, na kila sehemu ikakatwa vipande vya sekunde 107. Kipande kimoja kilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 350 hivi: kidogo cha kutosha kupita katika simu ya nyumbani bila ya kumchosha mtu, na kikubwa cha kutosha kuishughulisha kompyuta ya siku zile kwa muda wa siku moja au karibu yake. Prony angalifurahi kuona upimaji huo.

Watu waliitikia kuliko ilivyotazamiwa. Katika juma la kwanza zaidi ya watu 200,000 waliichukua programu na kuiendesha. Kufikia Julai 2002 idadi ilikuwa imefika milioni 3.83, kutoka nchi na maeneo 226. Hapana mmoja aliyelipwa. Umeme waliulipa wenyewe, mashine zilikuwa zao, na kuchakaa kwa mashine kulikuwa hasara yao.

Programu ile ilikuwa na sura mbili. Sura ya kwanza ilikuwa ya picha: mtu alipoiacha kompyuta yake, kioo kilijaa michoro ya rangi iliyoonyesha mawimbi yakichunguzwa. Sura ya pili haikuwa na pambo lolote. Ilikuwa programu ya mstari wa amri, ambayo mtu huiambia la kufanya kwa kuandika maneno, nayo hujibu kwa maneno. Hiyo ndiyo iliyotumiwa katika mashine za Unix, na watu wengi wa Windows pia waliipenda walipogundua ya kuwa nguvu isiyotumiwa kuchora picha hutumika katika hesabu. Picha ilimvuta mgeni; amri ilimtumikia mwenyeji. Waliokuwa na kompyuta kumi au mia chini ya uangalizi wao hawakuwa na haja ya kioo kilichopambwa. Walitaka chombo kinyamavu, kinachowashwa kwa amri moja na kusahauliwa.

Lakini umri wa chombo haupimwi kwa siku ya arusi yake. Baada ya miaka michache upungufu wa aina tatu ulionekana. Upungufu wa kwanza ulikuwa katika muundo. Kanuni za kisayansi za kuchunguza mawimbi, na kazi za kawaida za kuchukua kipande, kukihifadhi na kukirudisha, vyote vilikuwa vimefungwa katika programu moja. Wanasayansi walipotaka kuongeza uchunguzi wa namna mpya, hapakuwa na njia ila kuwaomba mamilioni ya watu waje wachukue toleo jipya kwa mikono yao. Wengine walikuja, wengine walichelewa, na wengine hawakujua hata kuwa wanaitwa.

Upungufu wa pili ulikuwa katika uaminifu. Mradi ulihesabu vipande ambavyo kila mshiriki alivimaliza na kuitangaza hesabu hiyo, ili mtu ajivunie kazi yake. Jambo hilo lilizaa juhudi, nayo juhudi ikazaa hila. Wako walioibadili programu ili ikimbie zaidi, na hapana aliyeweza kuthibitisha ya kuwa majibu ya programu iliyobadilishwa yalikuwa ya kweli. Wako waliorudisha majibu ya kazi isiyofanywa. Mradi ulijikinga kwa kanuni ile ile ya Prony: kipande kimoja kilipelekwa kwa watu zaidi ya mmoja, na majibu yalilinganishwa. Hata hivyo ilikuwa wazi ya kuwa kinga hiyo ilistahili kujengwa ndani ya chombo chenyewe.

Upungufu wa tatu ulikuwa wa uchoyo usiokusudiwa. Mtu aliyetaka kuisaidia elimu ya nyota leo na elimu ya magonjwa kesho hakuwa na njia ya kugawa nguvu za mashine yake baina ya miradi miwili. Na kila chuo kilichotaka kuanzisha mradi wake kililazimika kujenga chombo chake tangu msingi. Shamba lilikuwa moja, lakini kila mkulima alifua jembe lake.

Mwaka 2002 David Anderson alianza kuongoza kazi ya kutengeneza chombo kipya, kilichoitwa BOINC, kwa msaada wa fedha za Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani. Wazo lake kubwa lilikuwa kutenganisha vitu vilivyokuwa vimechanganywa. Programu ya msingi, iliyokaa katika kompyuta ya mshiriki, ilishughulika na kuomba kazi, kuitunza na kuirudisha, bila ya kujua kazi hiyo ni ya nyota au ya mbu. Programu za kisayansi zilikuwa mbali, na kila mradi uliweza kuleta yake. Programu hizo ziliweza kubadilishwa na kupelekwa zenyewe katika mashine za washiriki, bila ya mtu kusumbuliwa. Ili mwizi asitumie mlango huo kuingiza programu mbaya, kila programu ilitiwa sahihi ya kidijitali, na washauri wa chombo wakausia ya kuwa ufunguo wa sahihi hiyo utunzwe katika kompyuta isiyounganishwa na mtandao.

Mstari wa amri nao ulipata hadhi mpya. Katika chombo cha zamani amri na kazi zilikuwa kitu kimoja. Katika kipya programu ya msingi ilifanya kazi chinichini, na chombo cha amri, ambacho leo huitwa boinccmd, kilizungumza nayo kupitia mlango wenye namba 31416. Namba hiyo si ya bahati nasibu: ni tarakimu za uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake, uliokadiriwa kuwa 3.1416. Kwa amri fupi mtu aliweza kuuliza kazi zilizopo, kusimamisha mradi mmoja na kuuendeleza mwingine, au kuiagiza programu iwasiliane na seva papo hapo. Mazungumzo hayo yalilindwa kwa neno la siri, ili si kila mpita njia aiamrishe mashine ya mwenzake.

Miongoni mwa amri hizo imo moja inayostahili kutazamwa zaidi: amri ya kuiambia programu isichukue kazi mpya. Mashine iliyopewa amri hiyo huendelea na kazi iliyokwisha kuipokea, huimaliza, huirudisha, kisha hutulia. Mtu anayetaka kubadilisha toleo au kuizima mashine kwa muda mrefu huanza na amri hii. Ni adabu ya mdeni mwema, ambaye hulipa deni la zamani kabla ya kufungua daftari jipya. Mfanyaji asiyefuata adabu hiyo huacha vipande vimekwama, na mgawaji hungoja hadi tarehe ya mwisho ipite ndipo ampe mtu mwingine.

Ukaguzi nao ulijengwa ndani. Kila kazi ilipewa tarehe ya mwisho na idadi ya majibu yaliyotakiwa kupatana kabla ya jibu kukubaliwa. Tatizo lililosahauliwa na wengi lilikumbukwa: kompyuta mbili za aina mbalimbali, zote nzima na zote aminifu, zaweza kutofautiana kidogo katika tarakimu za mwisho za desimali. Kwa hiyo mradi uliohitaji usawa kamili uliweza kuagiza kipande kimoja kipelekwe kwa mashine za aina moja tu. Kadhalika mashine iliyoikuta seva imezidiwa haikupiga hodi bila kukoma. Ilisubiri, ikajaribu tena, ikasubiri kwa muda mrefu zaidi. Bila ya subira hiyo, mamilioni ya marafiki wangaliiangusha seva kama jeshi la maadui.

Tarehe 22 Juni 2004 SETI@home ilifunguliwa kwa chombo kipya. Hapo ndipo tatizo lililo gumu kupita programu lilipojitokeza. Washiriki wa zamani walikuwa na hesabu ya vipande walivyomaliza, wengine kwa maelfu mengi. Chombo kipya kilipima kwa kipimo kingine. Hakikuhesabu vipande, kwa kuwa vipande si sawa kwa uzito. Kilihesabu kazi yenyewe. Alama zake zilipewa jina lililotokana na la Jeff Cobb, mmoja wa watumishi wa SETI@home, na zilikadiriwa hivi: kompyuta yenye uwezo wa hesabu bilioni moja kwa sekunde, ikifanya kazi siku nzima, hupata alama 200. Kipimo hiki kilikuwa cha haki zaidi kuliko cha kwanza. Lakini kwa mtu aliyeiacha mashine yake ikiwaka usiku na mchana tangu mwaka 1999, haki hiyo ilimfanya aanze na sifuri, sawa na mgeni aliyeingia jana.

Mtu wa nje angeweza kucheka: alama hizo hazinunui chumvi. Lakini kicheko hicho ni cha asiyefikiri. Aliyejitolea hana mshahara, hana cheo, wala jina lake haliandikwi katika makala ya kisayansi. Kitu pekee anachopata kutoka kwa mgawaji ni kumbukumbu ya kuwa alikuwapo na alitenda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sifa ni mali. Kuipoteza kumbukumbu hiyo wakati wa kubadili chombo ni kuvunja mkataba usioandikwa, ambao kwa kuwa haukuandikwa wategemea heshima peke yake.

Wakuu wa mradi walichagua njia ya kati. Hawakuzigeuza hesabu za zamani kuwa alama mpya, kwa maana ubadilishaji huo ungechanganya vipimo viwili visivyolingana, na udanganyifu wa zamani ungeingia katika daftari jipya ukiwa umevaa nguo safi. Lakini hawakuzifuta. Idadi ya vipande vya zamani iliendelea kuonyeshwa katika ukurasa wa kila mshiriki, kando ya alama mpya, ikitajwa kwa jina lake la kale. Aidha, hawakukifunga chombo cha zamani siku kipya kilipofunguliwa. Vyote viwili viliendeshwa pamoja kwa muda wa miezi karibu 18, na cha zamani kilisimamishwa tarehe 15 Desemba 2005. Kwa muda huo aliyekuwa mwepesi alihama mapema, na aliyekuwa mzito alipata nafasi ya kujifunza. Wako walioondoka kwa kuudhika. Wengine walihama na kubaki kwa miaka 15 iliyofuata.

Faida ya mabadiliko ilionekana mbali na nyota. Mradi wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Oxford uliingia katika chombo kipya mwaka 2004, na mradi wa kutafuta mawimbi ya mvutano ukafuata mwaka 2005. Mradi uliogusa Afrika ya Mashariki kwa karibu ulikuwa MalariaControl.net, wa Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto, mjini Basel. Taasisi hiyo ilikuwa na uhusiano wa zamani na Ifakara, ambako Rudolf Geigy alianzisha maabara mwaka 1957. Wanasayansi wake walitunga mfano wa hesabu ulioiga jinsi malaria inavyoenea katika jamii, na miongoni mwa takwimu zilizousimamisha mfano huo zilikuwamo zile zilizokusanywa katika vijiji vya bonde la Kilombero, Tanzania. Mfano huo ulihitaji kurudiwa mara nyingi mno, kwa vyandarua hivi na chanjo vile, kwa mbu wengi na mbu wachache. Kompyuta za watu wa kujitolea zilibeba mzigo huo hadi mradi ulipomalizika mwaka 2016. Mbu aliyehesabiwa Kilombero alifanyiwa hesabu katika vyumba vya watu wasiopata kuiona Tanzania, kwa chombo kilichozaliwa kwa ajili ya kusikiliza nyota. Kama nyota na programu ya kugawia zingebaki zimefungwa pamoja, safari hiyo isingewezekana.

Nao mradi uliozaa chombo ulifikia mwisho wake. Tarehe 31 Machi 2020 SETI@home iliacha kupeleka kazi mpya, ili watumishi wake wachache washughulike na kuchambua majibu yaliyokwisha kukusanywa. Tarehe 1 Desemba mwaka huo huo darubini ya Arecibo iliporomoka. Katika miaka yote ile hapana sauti ya viumbe wa mbali iliyothibitishwa. Hata kumalizika huko kulifuata adabu ya amri ile ndogo: hapana kazi mpya, lakini kilichopokelewa kimalizwe na kirudishwe. Chombo chenyewe hakikufa pamoja na mzazi wake. Miradi mingine iliendelea kukitumia.

Historia hii yafundisha ya kuwa kukifanya upya chombo kinachotumiwa na wengi ni matendo mawili, ijapokuwa kwa macho laonekana moja. La kwanza ni la fundi: kutenganisha kilichochanganyika, kufunga milango ya hila, kupima kwa kipimo cha haki. La pili ni la mtunza amana: kuwapa watu muda wa kuhama, kuacha kazi iliyoanza imalizike, na kutunza daftari la waliotenda kwa chombo cha kwanza, hata kama kipimo chake kilikuwa kibovu. Fundi hodari asiyetenda la pili hubaki na chombo kizuri kisicho na watu wa kukitumia. Majedwali ya Prony, kazi ya miaka mingi na ya mikono mingi, yalibaki katika miswada bila ya kuchapishwa kamili katika zama zake, na wale 60 au 80 waliojumlisha na kutoa kwa usahihi wa ajabu hawakuachiwa daftari lililomwambia kila mmoja wao kiasi alichotenda. Berkeley nayo haikuleta habari yoyote kutoka nyotani. Lakini mshiriki wake aliyehama mwaka 2005 aliweza kusoma katika ukurasa wake, kwa tarakimu, kazi aliyoifanya tangu siku ya kwanza.